Spana Ameshashukuru

Watoto wananiita Mwalimu, wazazi wananiita Redio, na mume wangu ananiita jina lolote kati ya hayo kulingana na kelele niliyopiga siku hiyo. Sina kinyongo. Nina sauti ya kufika barabarani bila spika, na kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi sauti hiyo inapata kazi. Siku hiyo wazazi wanaokuja kuchukua watoto hawaishii getini. Wanaingia kwenye ukumbi wa kituo chetu cha kulelea watoto, ule uliopakana na kanisa, wanabanana kwenye viti vya watoto magoti yakikaribia kidevu, na mimi nasimama mbele kutangaza Habari za Nyumbani.

Habari zenyewe si za serikali. Nani ameota jino, nani ameacha kunyonya kidole, nyumba ipi imepata kichanga, baba yupi amepata kazi, bibi yupi ametoka hospitali. Mwezi mmoja nilitangaza kwamba mama wa mtoto fulani amejifunza kuendesha gari. Ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi, na mama wa watu akalia mpaka ikabidi mumewe ndiye aendeshe kurudi nyumbani. Wasiotujua wanaona huu ni mchezo. Mimi naona mtu anayehangaika mwezi mzima bila kupigiwa makofi hata mara moja anaonewa.

Habari hizo nazitoa kwa watoto wenyewe. Kila asubuhi kabla ya uji, darasa langu la wakubwa, yaani wenye miaka minne na mitano, wanakaa mkekani kwa duara na kila mmoja anasema shukrani moja. Mama Mkuu, mjane aliyeanzisha kituo hiki na anayekiongoza mpaka leo, aliweka utaratibu ambao sijauona mahali pengine. Hataki watoto wamwendee Mungu na "nipe, nipe". Wanashukuru kana kwamba wameshapata. Mwenye kiatu kilichotoboka hasemi anaomba kiatu, anasema asante kwa viatu vyangu vipya. Na ukishapata ulichokitaka unahamia kingine, maana Mama Mkuu hapendi mtu aliyeganda sehemu moja.

Hatari yake unaiona. Mtoto akisema "asante kwa kuwa baba amenunua gari", hujui kama gari liko nje au bado liko mbinguni. Kwa hiyo kabla ya kutangaza nawauliza kwanza wazazi getini. Katika miaka yote ya kazi hiyo nimetangaza bila kuuliza mara moja tu, na mara hiyo moja nusura mtu apokonywe mtoto.

Mtoto mwenyewe tulimwita Spana. Jina lake la kweli liko kwenye cheti, lakini hata mchungaji alimwita Spana, kwa sababu alikulia gereji, na ukimwomba spana ya kumi na tatu hakuletei ya kumi na nne. Baba na mama yake walifariki kwa ajali moja, yeye hajaanza hata kutembea. Tangu hapo alilelewa na shangazi yake, dada wa baba, fundi wa malori, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, ambaye kila mtu anamwita Fundi. Walikaa chumba na sebule nyuma ya gereji. Fundi alikuwa akija kumchukua mtoto na ovaroli lake, mikono ameisugua kwa sabuni ya unga mpaka imechubuka, na bado hakuthubutu kushika mtoto wa mwenzake asije akamchafua.

Upande wa mama kulikuwa na mjomba. Ningependa kumsema vibaya lakini sina pa kuanzia. Ana duka la dawa, ana nyumba yenye vyumba vya kutosha, ana mke mpole, na wanaishi mbali, safari ya kutwa nzima. Naye alimtaka mtoto. Hakuna aliyemtukana mwenzake. Kila mmoja alipeleka ombi mahakamani la kumwasili Spana, yaani kuwa mzazi wake kwa sheria, na mahakama ikampa Afisa Ustawi kazi ya kuwatembelea wote wawili na kuandika maoni yake.

"Mwalimu," Fundi aliniambia siku moja getini, "mimi sina mume, sina nyumba yangu, nanuka oili. Mwenzangu ana kila kitu. Nikiteleza kidogo tu, mtoto ameondoka."

"Unaye mtoto anayekupenda," nikamwambia.

"Ndiyo maana nimemkataza kuniita mama. Akizoea kuniita hivyo halafu wakamchukua, mimi nitabaki na nini?"

Nikafungua geti, nikalifunga tena.

Kesi ilipangwa kusikilizwa Jumatano ya wiki ya mwisho ya mwezi. Alhamisi asubuhi Spana aliletwa na jirani, akakaa mkekani, na zamu yake ilipofika akafumba macho na kusema kwa pumzi moja, "Asante Yesu kwa sababu hakimu amesema ndiyo, na shangazi sasa ni mama yangu, na amelia, na tumekunywa soda, yangu ilikuwa nyekundu."

Jamani, soda nyekundu! Nani anabuni rangi ya soda? Nikamuuliza, "Spana, kweli?" Akasema kweli. Nikamuuliza kama ilikuwa ya baridi. Akasema baridi sana, ilimuuma jino. Nikatoka nje, nikaegemea ukuta wa choo, nikalia kilio changu chote, nikanawa uso, nikarudi kugawa uji.

Jioni hiyo Fundi hakuja, alikuwa chini ya lori la mtu. Alikuja jirani, na Ijumaa asubuhi akaja jirani tena. Nilimuuliza kuhusu mahakama. Akasema yeye mambo hayo hayajui, ila Fundi tangu juzi yuko kimya sana. Sasa hiyo ni habari? Fundi yuko kimya sana tangu azaliwe. Nikachukua furaha yangu nikaenda nayo ukumbini.

Kumbe hakimu alikuwa mgonjwa na kesi imeahirishwa. Na Afisa Ustawi, kwa kuwa amepata nafasi, akaona aje kukiona kituo anachosoma mtoto, na mjomba akaomba waongozane. Walifika nikiwa nimeshasimama mbele. Mama Mkuu akawapokea mlangoni na kuwakalisha viti vya nyuma kimyakimya ili wasinikatize.

Habari ya Spana niliiweka ya mwisho, kama mtu anavyobakiza nyama pembeni ya sahani. Nilitangaza meno, nilitangaza vichanga, nilimtangaza babu mmoja aliyepasuliwa jicho na sasa anaona mpaka mbu. Halafu nikavuta pumzi.

"Na nyumbani kwa Spana," nikasema, "hakimu amesema ndiyo! Jamani, Fundi wetu sasa ni mama!"

Ukumbi ulilipuka. Akina mama walipiga vigelegele, baba mmoja akarusha kofia yake ikanasa kwenye feni, watoto wakarukaruka bila kujua kwa nini, na Spana akasimama juu ya kiti na kuinama kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Ndipo nikamwona Fundi mlangoni. Alikuwa ndiyo kwanza anafika, ovaroli limelowa oili, na alikuwa anatikisa kichwa. Pembeni yake, kwenye viti vya nyuma, mwanamke mwenye faili mapajani alikuwa ameacha kuandika, na mwanamume aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri alikuwa anasimama polepole. Makofi yalianza kufa nyuma yakaja yakifa mbele, mpaka nikabaki napiga peke yangu.

Ofisini kwa Mama Mkuu hapakuwa na viti vya kutosha, nikasimama, na nilistahili kusimama. Afisa Ustawi hakupandisha sauti. Bora angepandisha.

"Nani amemwambia mtoto kwamba hakimu amesema ndiyo?" aliuliza.

"Hakuna," nikasema. "Ni shukrani. Hapa tunashukuru kabla." Nikamweleza utaratibu wote, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ulivyozidi kusikika kama uongo.

"Mwalimu," mjomba akasema, "unataka niamini kwamba mtoto wa miaka mitano amejitungia hakimu?"

"Hakimu anamsikia kila siku nyumbani. Alichotunga ni soda."

Hakucheka. Alinitazama kwa huzuni, akasema, "Dada yangu aliniachia kiumbe huyo. Kama kuna mtu anamlisha maneno, nina haki ya kujua."

Fundi alikuwa ameegemea kabati, mikono ameificha nyuma. "Sijamlisha neno," alisema.

Afisa Ustawi alifunga faili. "Nimesikiliza watoto wengi waliokaririshwa," alisema. "Wana dalili moja. Ukiwasikiliza mara ya pili wanasema vilevile, neno kwa neno, kwa sababu hayo ndiyo waliyopewa. Na hakimu akishaambiwa mlezi amemkaririsha mtoto, mlezi huyo hapewi hata paka. Kwa hiyo sitaandika chochote leo. Nitamsikiliza tena."

"Njoo Jumatatu asubuhi," nikasema kabla Mama Mkuu hajafungua mdomo. "Kaa mkekani na sisi, usikie darasa zima. Na wewe mjomba njoo."

"Tutakuja," akasema Afisa. "Lakini mpaka hapo mtu yeyote asizungumze na mtoto jambo hili. Si shangazi, si mwalimu, si mchungaji."

Nje, karibu na bembea, Fundi alinisubiri. Siku zote aliniita Mwalimu. Siku hiyo aliniita jina langu lingine.

"Redio," alisema, "umenimaliza."

Nilikuwa na jibu, tena refu. Mimi sikutangaza kwa ubaya, nilitangaza kwa sababu nimekupenda wewe na mtoto wako, na ungekuja kumchukua mwenyewe badala ya kulala chini ya malori ya watu haya yote yasingetokea. Jibu lilifika ulimini, nikaitazama mikono yake iliyochubuka, nikalimeza lote. Alimchukua Spana wakaondoka, mtoto akiruka madimbwi na kunipungia mkono.

Jumamosi na Jumapili hazikwenda. Mume wangu alinitazama mezani akauliza, "Vipi, betri zimekwisha?" Nikamwambia aniache. Kilichonitesa ni kwamba nawajua watoto. Mtoto akikipenda kitu anakirudia mpaka kinachakaa. Nina kijana mmoja darasani, Kibogoyo, aliyeng'oka meno yote ya mbele, ambaye alimshukuru Mungu kwa baiskeli ileile yenye kengele ileile muhula mzima. Kama Spana angeipenda soda yake kiasi hicho, Jumatatu angefumba macho aseme hakimu amesema ndiyo, shangazi amelia, soda nyekundu, neno kwa neno, na angekuwa amemhukumu shangazi yake bila kujua. Na sikuruhusiwa kumnong'oneza hata salamu. Niliomba, tena kwa mtindo ambao Mama Mkuu haupendi. Nilisema nipe, nipe, nipe.

Jumatatu walikuja mapema. Afisa Ustawi alivua viatu, akakaa mkekani na kukunja miguu kama mtoto, faili ameliacha mlangoni, na hapo nikamheshimu. Mjomba alikaa karibu na rafu ya vitabu, suruali yake safi kwenye mkeka wenye makombo. Fundi alisimama kizingitini. Mama Mkuu alikuwa dirishani, na mpishi wetu alikuwa anaingiza sufuria la uji.

"Haya," nikasema, na sauti yangu ilitoka ndogo mpaka watoto wakashangaa. "Tushukuru."

Alianza Kibogoyo. Akashukuru kwa meno yake mapya, makubwa, ambayo jana amevunjia mfupa. Akatabasamu kuthibitisha, na ufizi mtupu wa mbele ukaonekana wote. Afisa Ustawi alikunja midomo.

Akafuata Waziri, tuliyemwita hivyo kwa sababu kila swali ana jibu. "Asante Mungu kwa simba wetu," alisema. "Analala chini ya kitanda na anamla mwizi tu."

"Anakula mwizi mzima?" Afisa aliuliza.

"Viatu anabakiza," alisema Waziri.

Mjomba alijikohoza. Akaja mtoto wa mpishi, binti mpole kuliko wote, akafumba macho na kuinua viganja. "Asante Yesu kwa kuwa mama amejifungua mapacha, wa kike na wa kike, na mmoja analala na mimi."

Upawa ukadondoka. "Mapacha gani, wewe mtoto?" mpishi akafoka. "Mama Mkuu, mimi sina kitu! Nitazame! Tumbo hili ni shibe tu!"

Hapo Afisa Ustawi alishindwa. Alicheka mpaka akavua miwani na kujifuta macho kwa ukingo wa kitambaa chake. Alikuwa ameelewa. Lakini kuelewa utaratibu ni jambo moja, na Spana kurudia maneno ni jambo jingine, na yeye mwenyewe alilijua hilo, kwa sababu alipomaliza kucheka alivaa miwani na kumgeukia mtoto aliyefuata.

Aliyefuata ni Spana.

Alikaa wima, akavuta sketi ifunike magoti, akafumba macho. Nilimtazama Fundi. Alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili.

"Asante Yesu," Spana akaanza, "kwa sababu mjomba amekuja kwetu Jumapili, na amekaa juu ya tairi kubwa, na amenionyesha picha ya mama yule aliyekufa. Na ameniambia alikuwa anachekaje. Na hakuondoka haraka."

Amina, wakasema watoto.

Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa. Mabega yalikuwa yanamcheza.

"Alikuwa anacheka mpaka anakohoa," alisema. "Mama yako. Akianza hawezi kuacha, anacheka mpaka anakohoa, na sisi sote tunacheka kwa sababu ya kikohozi."

Spana alifumbua macho. "Hivi?" akauliza, akacheka kicheko cha kulazimisha na kukohoa.

"Hivyo hivyo," akasema mjomba, na machozi yakamdondokea kwenye shati lake safi.

Afisa Ustawi akasogea mkekani mpaka magoti yake yakagusana na ya Spana. "Spana," alimwita, "Alhamisi ulishukuru kwa ajili ya mama. Leo mbona hujashukuru?"

Spana alimtazama kwa kumshangaa, kama mtu aliyeulizwa swali la wale wa darasa la watambaaji. "Huyo nilishampata," alisema.

"Hakimu ameshasema ndiyo?"

"Hakimu bado. Anaumwa." Akafikiri kidogo. "Yeye ndiye anachelewa. Mimi mama ninaye."

Kizingitini hapakuwa na mtu tena. Fundi alikuwa ameketi chini koridoni, mgongo ukutani, amejifunika uso kwa mikono yake yenye nyufa za oili, analia kwa sauti, yule mwanamke asiye na maneno. Afisa Ustawi alivaa viatu, akachukua faili lake, akampita, akarudi, akamwekea mkono begani. Hakumwambia ataandika nini. Kazi yake haimruhusu. Lakini mkono aliuacha pale kwa muda.

Mchana ule mjomba alikwenda gereji. Najua kwa sababu niliongozana naye kumwonyesha njia, na sitaki mtu aniambie ulikuwa umbea. Fundi alikuwa amelala chini ya lori, miguu tu nje. Mjomba alichuchumaa pembeni ya miguu hiyo na kuzungumza nayo.

"Shemeji," alisema, "nilimwahidi dada yangu kaburini kwamba nitamlea mwanawe. Nikadhani kumlea ni kumchukua."

Miguu haikusogea.

"Nafuta ombi langu. Sifuti kwa sababu nimeshindwa, wala kwa kukuonea huruma. Nafuta kwa sababu mtoto ameniomba kitu kingine, na ni mimi peke yangu ninayeweza kumpa. Picha ninazo. Jumapili nitazileta."

Fundi alijivuta akatoka, uso mweusi wa grisi, machozi yamechora njia mbili mashavuni. Alitaka kumpa mkono, akautazama jinsi ulivyo, akaurudisha. Mjomba akauvuta mwenyewe akaushika, na shati ambalo lilikuwa limeponea chupuchupu asubuhi likaisha hapo hapo.

Halafu Fundi akanigeukia. "Mwalimu," alisema, na kusikia neno hilo niliona raha kuliko kusamehewa kwa hotuba, "Jumapili njoo na wewe. Maana hata nisipokukaribisha, utakuja."

Nilikwenda. Mjomba alikaa juu ya tairi kubwa, kwa sababu Spana hakukubali akae mahali pengine.

Usidhani mambo yaliishia hapo. Mjomba kujitoa hakumaanishi hakimu lazima akubali. Angeweza kusema mwanamke asiye na mume, chumba na sebule, gereji yenye mashine hatari, hapana. Angeweza kumpeleka mtoto kwenye makao. Siku ya kesi tulijaa koridoni mahakamani: Mama Mkuu na pochi yake ya Jumapili, mpishi aliyefunga jiko kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, mjomba na mkewe, na mimi. Wote wanaohusika waliitwa ndani, wakahojiwa, hata Spana akahojiwa peke yake, kisha wakaambiwa watoke wasubiri. Fundi alivaa gauni. Sikuwahi kujua ana gauni. Alikaa mwisho wa benchi, ameweka mikono yake chini ya mapaja ili isionekane.

Mimi Mama Mkuu alikuwa ameniapisha. "Humu ndani," aliniambia kwenye ngazi, "hufungui mdomo. Lolote litakalotokea. Utatangaza Ijumaa." Nikakubali. Nikakaa nimebana midomo mpaka ikafa ganzi.

Tulikaa. Ukutani palikuwa na tangazo la kutaka watu wakae kimya, nikalisoma mpaka nikalichukia. Nilimuuliza Spana kwa ishara ya macho kama anaogopa. Alikuwa anajaribu kulegeza skrubu ya benchi kwa ukucha.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka karani, kijana mwenye haraka, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, mkononi ana karatasi na kalamu. Hakututazama. Kwake ilikuwa kazi tu, faili moja kati ya mafaili.

"Mama wa mtoto aje asaini," alisema.

Hakuna aliyeinuka. Fundi aligeuka kutazama nyuma yake, kuona ni mama gani anayeitwa. Nyuma yake palikuwa na ukuta. Akatazama upande wa mke wa mjomba. Mke wa mjomba alikuwa ameshaziba mdomo kwa viganja. Akanitazama mimi, na mimi nilikuwa nimeapa.

"Mama wa mtoto yuko wapi?" karani akarudia, sasa ameinua macho. "Hayupo?"

Spana aliacha skrubu yake. Akamvuta shangazi yake gauni, taratibu, kama anavyomvuta ovaroli mteja akifika gereji.

"Shangazi, nenda," alimwambia. "Mama ni wewe."

Fundi alisimama. Alifuta mikono kwenye gauni, mikono ambayo siku hiyo haikuwa na oili hata chembe, akatembea kuelekea kwenye ile kalamu, na kila hatua aliyopiga alizidi kuwa mrefu. Mama Mkuu alinishika mkono, lakini alikuwa amechelewa. Nilipiga kigelegele ambacho walikisikia mpaka barabarani. Mpishi akakidaka, mke wa mjomba akakidaka, askari akaja mbio kuninyooshea kidole kuelekea lile tangazo la ukutani, na hakimu mwenyewe akatoka na joho lake kuona ni nani aliyefiwa.

"Hakuna msiba, mheshimiwa," nikamwambia. "Tumepata mtoto." Nikapiga kingine.